Mtoeni Yeyo Kwenye Bango

Mimi hasira zangu sizifichi, na wanaonijua hapa Kitengela watakwambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Kwa hivyo nisianze kwa kujifanya mpole. Nilifanya kazi kwenye ofisi ya mawasiliano ya kanisa letu, nikala mshahara wao, nikaimba nyimbo zao, na leo nikipita nje ya lango lile ninageuza uso upande wa pili, kwa sababu nikiliangalia nitasema kitu ambacho mtoto wangu hafai kusikia.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya jukwaa, kina dirisha dogo na harufu ya zulia lililolowa. Kazi yangu ilikuwa matangazo. Maombi ya wamama yamesogezwa, harusi ya fulani ni Jumamosi, mazishi ni Isinya, choo cha wageni hakina maji leo mvumilie. Niliandika kwa Kiswahili chepesi na watu wakaelewa. Sikuona ubaya wowote. Kanisa lina watu wengi, na watu wanataka kujua mambo yanaendaje.

Kisha tukaletewa mkubwa mpya, mkuu wa mawasiliano, kijana nadhifu kutoka kampuni ya matangazo Nairobi, ambako alikuwa akitangaza sabuni na mafuta ya kupikia. Siku ya kwanza tu alituambia kwamba watu hawafuati habari, wanafuata uso. Basi kila krusedi, ule mkutano mkubwa wa maombi uwanjani, ikapewa uso wake. Anatafutwa mtu wa kawaida aliyetendewa jambo na Mungu, anarekodiwa, anapigwa picha, jina lake linaandikwa kwa herufi kubwa, na anawekwa kwenye bango kando ya barabara ya Namanga, mahali ambapo kila anayetoka Nairobi lazima amwone. Gari la spika nalo linazunguka mitaa likimtaja. Na alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kama chai: ushuhuda ukishatoka, haurudi. Ukirudisha mmoja, alisema, watu wataanza kuuliza kuhusu ile mingine. Sikiza maneno hayo vizuri. Mtu ambaye hana cha kuficha anaogopa kuulizwa nini?

Nilipojifungua, mama mkwe wangu alikuja kukaa na sisi anisaidie na mtoto. Mimi ni wa watu wa Kiambu, mume wangu ni Mmaasai, kwao ni ndani kidogo kutoka mji wa Kajiado, unaacha lami unafuata njia ya ng'ombe. Nilimwita yeyo, mama, kama walivyomwita watoto aliowazaa. Yeyo alikuwa na mdomo. Alionja chai yangu siku ya kwanza akaniuliza kama hii ni chai ama ni maji niliyooshea sufuria. Alimwogesha mtoto huku akimtania kwa Kimaasai, mtoto anacheka, na mimi nikiuliza amesema nini ananiambia hayo ni ya watu wawili.

Alikuwa na sukari, ile ya sindano. Nyumbani kwao hakuna friji, kwa hivyo chupa ya dawa aliiweka ndani ya chungu chenye mchanga uliomwagiwa maji, na alijua kuupima ubaridi wake kwa kidole. Alipoona friji yangu alifurahi mpaka akaifungua na kuifunga bila sababu. Alijidunga kila asubuhi mwenyewe, bila kulalamika, kisha anaenda kuangalia uji. Mguu wake mmoja ulikuwa ukimwaka moto usiku, lakini alikuwa anaenda kliniki, na kliniki walikuwa wamemshika vizuri.

Jumapili moja nilibaki nyumbani na mtoto, yeye akaenda kanisani na jirani. Aliombewa. Maombi yalipoisha alisema mguu umetulia, na mimi siwezi kusema haukutulia. Mungu ni wa kila mtu. Lakini walimbeba haraka haraka kama kuku wa soko mpaka kile chumba chetu cha nyuma, wakamwashia taa, wakamrekodi. Hakuna aliyempigia mwanawe simu. Hakuna aliyenipigia mimi, mfanyakazi wa ofisi hiyo hiyo, ambaye wangenipata kwa kutembea tu hadi ploti yetu.

Niliiona rekodi nzima baadaye, maana nywila ya kompyuta nilikuwa naijua. Yeyo anamshukuru Mungu kwa mguu. Anamshukuru daktari wa kliniki aliyembadilishia dawa, maana ile ya kwanza ilikuwa ikimtapisha. Ananishukuru mimi, mke wa mwanawe, na anaongeza kwamba chai bado ninajifunza. Hayo yote waliyakata. Wakabakisha pale anaposema Mungu amemtoa mbali, na chini yake wakaandika: AMEPONA SUKARI. Mama hajui kusoma, na wao walijua hajui.

Bango nililiona nikimpeleka mtoto chanjo. Nilisimama kando ya barabara, lori za mawe zinanimwagia vumbi, mtoto analia, na mbele yangu yeyo anacheka na shanga zake, mkubwa kuliko nyumba. Nilimpeleka alione mwenyewe. Alicheka kwanza, akasema wamemnyoosha makunyanzi vizuri, baba mkwe wangu atadhani ameoa msichana. Nilipomsomea maneno ya chini, kicheko kikaisha.

"Mimi sikusema hivyo," akasema.

"Najua, yeyo."

"Sasa watu watafikiri nimesema."

Na kweli wakafikiri. Siku yake ya kliniki ilipofika, alirudi nyumbani mapema, mkoba mtupu. Kwenye foleni mwanamke mmoja alikuwa amemtazama, akamwambia mbele ya wote, "Si wewe ndiye mama wa bango? Si ulipona? Hapa unafanya nini?" Watu wakageuka. Wengine walicheka, na mmoja akaanza kusema kanisa lile ni la waongo tangu zamani. Yeyo akainuka akaenda zake.

Nilimwambia turudi pamoja kesho, mimi nitawajibu wote. Alitikisa kichwa. Kwao mzee akisema jambo mbele ya watu, wewe mwanamke wa heshima humvui nguo hapo hapo, hata kama amekosea. Unangoja, unamtumia mtu, yeye mwenyewe anajirekebisha. Na askofu wa kanisa letu kwake alikuwa mzee.

"Nikichukua hiyo dawa watu wakiniona, mtu wa Mungu atakuwa mwongo," akaniambia. "Nitamfanyaje mzee wa watu hivyo? Waambie wao waniteremshe kwanza. Wakiniteremsha, nitaenda."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Kumteremsha yeyo kwenye bango, arudi kwenye dawa. Kitu kidogo namna hiyo. Ngazi, na mtu wa kupanda.

Nilienda ofisini na mtoto mgongoni, likizo yangu bado haijaisha. Mkubwa wangu alinipokea vizuri, Bwana asifiwe dada, mtoto amenenepa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayelalamika kuhusu kelele za spika.

"Dada, nakuelewa sana," akasema. "Lakini krusedi bado. Hatuwezi kutoa uso kabla ya krusedi."

"Ameacha sindano."

"Hatukumwambia aache."

"Mmeandika amepona."

"Kwa imani amepona. Hiyo ni lugha ya imani." Kisha akafikiria, na macho yakamng'aa kama mtu aliyepata dawa ya kila kitu. "Tunaweza kuongeza mstari mdogo pale chini. Endelea kumwona daktari wako. Maandishi madogo, hayataharibu picha."

Hayataharibu picha. Nilimwambia kwamba mama hasomi maandishi makubwa, hayo madogo yatamsaidia nini, na kwamba yeye anafaa kurudi kwa sabuni zake, kwa sababu sabuni hata ukiisingizia haifi. Akaniambia nisilichukulie jambo hili kibinafsi. Jameni. Ni mama mkwe wangu, anaoga kwangu, anakula kwangu, nisichukulie kibinafsi.

Nilimtafuta askofu. Askofu alikuwa safarini, kisha alikuwa kwenye maombi, kisha alikuwa na wageni. Mume wangu naye alienda, akaambiwa mambo ya mabango yanashughulikiwa na mawasiliano. Krusedi ikasogezwa mbele kwa sababu ya mvua, na bango likabaki.

Yeyo alirudi kwao. Mimi nilidhani kule ndani angalau atapumua, kumbe gari la spika lilikuwa limefika Kajiado kabla yake. Siku ya soko lilisimama karibu na mahali pa mbuzi, likacheza sauti yake na kulitaja jina lake. Akafika nyumbani akakuta wanawake wamekaa kivulini wanamngoja, wameleta wagonjwa wao awawekee mikono. Angewaambia nini? Mmoja wao, mwanamke wa rika lake, alimwambia kwa furaha kwamba na yeye amezitupa tembe zake za presha. Yeyo alimbembeleza azitafute huko alikozitupa. Yule mwanamke akadhani anamjaribu imani.

Boma ni mahali pa wazi. Mtu akiinama kwenye chungu anaonekana. Mume wangu alimpelekea dawa, akamwona akiipokea na kuiweka, akarudi Kitengela na moyo mwepesi. Hakujidunga. Kidonda kikatokea chini ya ule mguu, akakifunga na kitambaa na kuvaa akala zake, vile viatu vya tairi, juu, na akiulizwa anasema ni mwiba. Walipomfikisha hospitali Kajiado, daktari aliuliza kwa nini mmengoja hivi. Ungesemaje kitu kama hicho? Tulikuwa tunangoja bango litolewe.

Akafa.

Jina lake sitaliandika hapa, na sababu si hofu. Kwa watu wa mume wangu mtu akifa jina lake linaenda naye. Watu wa nyumbani hawalitamki tena, na pale bomani mwenye jina kama hilo anatafutiwa lingine. Kuna wengi siku hizi ambao wameokoka na hawafuati hayo. Baba mkwe wangu ameokoka na anafuata, na mimi niliyeolewa pale ninafuata pia, kwa sababu nilimwona mzee yule akinyoa nywele zake, akivua bangili yake, na nikajua hakuna kitu kingine alichobaki nacho cha kumfanyia mkewe.

Sasa wewe fikiria. Watoto wamekatazwa kulitaja jina. Wajomba wamenyamaza. Hata kasisi wa pale kijijini, mtu mwenye akili, alimzika akisema dada yetu, mama yetu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na wiki hiyo hiyo gari la spika linapita kwenye lami likipiga kelele kwamba fulani binti wa fulani amepona, njooni nanyi mpone. Dada yake alikuwa dukani akinunua unga. Alikaa chini pale pale mlangoni pa duka na kuziba masikio kama mtoto.

Nilimpigia mkubwa wangu simu, na mambo niliyomwambia mengine siyarudii. Akanipa pole nyingi. Kisha, na macho yake makavu hayo ambayo niliyaona hata kwa simu, akaniomba nimsaidie kuandika taarifa fupi ya kanisa, kwa sababu mimi ndiye najua familia. Alitaka iseme ameitwa nyumbani kwa amani, na nisitaje ugonjwa. Nilikata simu. Siku ya kazi ilipofika nilienda, sikuacha kazi bado. Nilijiambia nikiacha, nani atalisema jambo hili ndani ya chumba kile kila asubuhi? Nililisema kila asubuhi. Wenzangu wakaanza kuvaa vitu vya masikioni nikiingia.

Kisha baba mkwe wangu akaja mwenyewe. Hakumwambia mtu. Nilitoka nje nikamkuta langoni, koti lake la ibada juu ya shuka, fimbo mkononi, anaongea na mlinzi kuhusu mvua. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, salamu ya kwao. Akasema amekuja kuongea na hao watu kwa heshima, maana labda wamenichukulia mimi kama mtoto mwenye kelele. Na kwa kweli mimi niko na kelele.

Mkubwa wangu alimkaribisha vizuri kabisa. Chai, kiti cha wageni, mzee karibu, Bwana asifiwe. Baba mkwe wangu alingoja mpaka chai ikaisha.

"Nimekuja kwa sababu ya mke wangu," akasema. "Mteremsheni. Na lile gari linyamaze. Hiyo tu."

"Mzee, tunakuheshimu sana," mkubwa wangu akasema. "Na askofu angependa kukusikia. Lakini yuko safarini, na ofisini kwetu kila kitu kinaenda kwa rekodi. Tukurekodi kidogo tu. Unasema jina lako, jina la mama, na ombi lako. Leo leo nitamtumia."

Nikamwambia hawezi kusema jina.

"Ni jina tu, dada."

"Nimekueleza kwa nini. Nimekueleza mara ngapi?"

"Sasa askofu atajuaje ni ushuhuda gani? Tuna mingi."

Nilitaka kuipindua ile meza. Baba mkwe wangu alininyamazisha kwa mkono. Alisema atakaa, atasema vile anavyoweza, mzee mwenzake ataelewa. Wakamweka kwenye kile kiti, wakamwashia ile taa. Aliketi wima, mikono juu ya fimbo. Akasema jina lake na la baba yake. Akasema amekuja kuomba mke wake ateremshwe, kwa sababu amelala, na mtu aliyelala haitwi.

"Jina la mama, mzee," mkubwa wangu akasema kutoka nyuma ya kamera.

Mzee akanyamaza.

"Mzee, jina lake tu, tumalize."

Alimtazama. Alitazama kioo cha kamera. Midomo yake ilisogea kidogo, na nikaona kwamba alikuwa analifikiria, alikuwa anapima kama alitoe jina hilo ili alinunulie ukimya. Sijawahi kuona mtu akiwekwa mahali kama pale. Macho yakamjaa machozi. Sijui alikaa hivyo kwa muda gani, lakini hakulisema. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akampa mkubwa wangu mkono, akashukuru kwa chai. Yule kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, kwamba atamtumia askofu hivyo hivyo ilivyo.

Nilimsindikiza mzee mpaka stendi. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Yule kijana ameelewa," akaniambia. "Ulikuwa unamkaripia bure. Amelelewa vizuri."

Nikaamini. Ndiyo, mimi na mdomo wangu wote nikaamini, nikalala vizuri siku hiyo.

Jumapili jioni simu yangu ikaanza kulia, watu wa kanisa wananipa pole, wananiambia nimebarikiwa kuwa na mkwe kama yule. Nikafungua ukurasa wa kanisa. Alikuwa pale baba mkwe wangu, kwenye kile kiti, wima, mikono juu ya fimbo. Maneno aliyosema yote wameyakata. Wamebakisha kunyamaza kwake. Wameweka kinanda laini chini yake, wakasogeza picha karibu mpaka machozi yakajaa kioo cha simu, na wameandika: MUMEWE AKOSA MANENO. MUNGU NI MWEMA WAKATI WOTE. Halafu jina la yeyo, lote, kwa herufi kubwa, na siku ya krusedi. Chini watu wameandika Amina, Amina, Amina, mpaka kidole kinachoka kushuka.

Nilikuwa bado nimeishika simu hivyo alipopiga yeye mwenyewe kutoka nyumbani. Simu yake ni ile ndogo ya vitufe, haionyeshi picha. Alinisalimu, akauliza mtoto, akauliza mwanawe, akauliza kama mvua imefika kwetu.

"Mtoto wangu," akasema, "wamemteremsha?"

"Bado, baba," nikamwambia. "Na sasa wamekupandisha na wewe."

Nikamweleza vile walivyofanya. Nikasikia mbuzi wakiingia zizini na mtu akiwahesabu kwa sauti. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeulizia njia, kama siku akifa hata yeye wataliita jina lake barabarani.

Nikamwambia ndiyo, baba, wataliita.